Ulinganisho: ringi ya 26, 27.5, 700C au 28 kwa safari ndefu ya baiskeli kando ya Ziwa Victoria

Mkazi_wa_Nyegezi:

Mwangaluka, ndugu zangu. Mwezi Desemba mwenzangu mmoja nami tunakusudia kuondoka Mwanza kwa baiskeli, tuvuke daraja jipya la Kigongo–Busisi, ambalo lilifunguliwa Juni 2025, kisha tupite Sengerema, Geita, Chato na Muleba mpaka Bukoba. Njia kuu ni lami, lakini hatutaki kukaa juu ya lami tu, kwa kuwa nia yetu ni kushuka kila baada ya siku moja au mbili hadi kwenye mialo ya wavuvi, na huko barabara ni changarawe, mchanga, na mahali pengine udongo mweusi wa mbuga ambao mvua ikinyesha kila mtu anaujua. Kila mmoja atabeba mzigo wa kilo 20 hivi kwenye keria.

Ninayo fremu ya chuma ya mtumba, baiskeli ya gia yenye magurudumu ya 26 na breki za kubana ringi. Kuna mtu hapa mjini ananiuzia nyingine yenye magurudumu ya 700C na breki za diski, nayo kwa kweli inavutia na inakwenda kwa wepesi nikiijaribu barabara ya Uwanja wa Ndege. Rafiki yangu wa tatu anasema tutafute ya 27.5, ili tupate mema ya pande zote mbili. Naomba kusikia kutoka kwa waliosafiri na kwa mafundi: ni ipi kati ya hizi inayofaa, na kwa sababu gani?

Fundi_Igoma:

Kaka, kabla ya kulinganisha chochote, acha kusoma inchi. Inchi zimeandikwa kwa mazoea ya zamani na zinadanganya, kwa sababu zilikuwa zikitaja ukubwa wa tairi kwa nje wala si wa ringi yenyewe. Soma namba ya milimita ambayo ipo ubavuni mwa tairi karibu lolote la siku hizi, namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 50-559. Ya kwanza ni unene wa tairi, ya pili ni kipenyo cha mahali ambapo tairi linakaa juu ya ringi. Utaratibu huo ni wa kimataifa, unaitwa ISO 5775, na ukiufuata hutanunua kitu kisichoingia.

Kwa hesabu hiyo, 26 ya baiskeli za gia ni 559. Hiyo 27.5, ambayo Wafaransa waliiita 650B na kusafiria kwa miongo mingi kabla haijapewa jina jipya, ni 584. Ile 700C ni 622, na hao wanaouza baiskeli za 29 wanauza 622 ileile yenye tairi nene. Halafu ipo 28 ya Phoenix na wenzake, tunayoitengeneza kila siku hapa Igoma, nayo ni 635. Usishangae kukutana na tairi lingine lililoandikwa 26 x 1 3/8 ambalo halitaingia katika ringi yako ya 26 hata ulipige nyundo, maana hilo ni 590.

Kuhusu kipi kinapatikana, nitasema ninachokiona. Ukisimama mbele ya duka la vipuri katika senta yoyote kuanzia Kisesa hadi ng'ambo ya ziwa, matairi yanayoning'inia nje kwenye msumari ni ya aina mbili: 28 x 1½ ya Phoenix, na 26 ya baiskeli za gia, 1.95 au 2.125. Ya 622 huja pamoja na mitumba, ukiwa na bahati, tena mjini. Ya 584 bado sijaiona ikining'inia nje ya jiji.

Kirumba_Mahesabu:

Nakubaliana na Fundi kuhusu milimita, ila naona 700C inahukumiwa haraka mno. Nimepiga hesabu. Ringi ya 622 yenye tairi la milimita 40 ina mzingo wa mita 2.205, na ringi ya 559 yenye tairi la milimita 50 ina mzingo wa mita 2.070. Katika kilomita moja la kwanza huzunguka takriban mara 453 na la pili mara 483. Tofauti hiyo peke yake haikupunguzii jasho, kwa sababu gia ndizo zinazorekebisha, lakini gurudumu kubwa hupanda juu ya shimo na jiwe kwa pembe nafuu zaidi, na zile rasta, yaani matuta madogo madogo ya kupunguza mwendo yaliyowekwa kwenye lami karibu na kila kijiji, utazisikia mikononi kidogo kuliko mwenzako wa 26.

Haki ya upande wa pili pia niiseme. Ukipanda kilima ukiwa na gia ya mbele ya meno 22 na ya nyuma ya meno 32, mzunguko mmoja wa pedali utakusogeza mita 1.52 kwa 700C na mita 1.42 kwa 26. Kwa mwenye kilo 20 nyuma, akiitazama milima ya Muleba, hizo sentimita kumi ni zawadi, wala hazikugharimu kununua gia nyingine.

Kuhusu upatikanaji, dawa yake ni tairi moja la akiba la kukunjwa, lile lisilo na waya wa chuma pembeni, ukalifunga chini ya keria na kulisahau. Kwa njia hiyo hulazimiki kutegemea msumari wa duka lolote.

Fundi_Igoma:

Tairi unaweza kulikunja, Kirumba. Ringi je?

Mwalimu_wa_Magu:

Nimekuwa nikisoma kimya, lakini hapo pa tairi la akiba nina la kusema. Mwaka jana tulisafiri watatu kuelekea Musoma, mimi nikiwa na 26 na wenzangu wakiwa na 700C. Tulipokaribia Lamadi, tairi la nyuma la mmoja wao lilichanika ubavuni kwa urefu wa kidole. Tuliweka kiraka ndani kwa kipande cha tairi kuukuu, tukajikokota hadi kwenye duka, na muuzaji, kwa nia njema kabisa, akatuletea tairi lililoandikwa 28 akisema 700C na 28 ni kitu kimoja. Na kweli, watengenezaji wengi huandika 28 kwenye matairi ya 622, kwa hiyo hakutunga uongo.

Tairi liliingia kwa mikono mitupu, bila chuma chochote cha kukwanyua. Tulifurahi, na hapo ndipo tulipokosea, kwa sababu tairi la saizi yake halivaliki kirahisi hivyo. Tulipopiga pampu, upande mmoja ukaanza kupanda juu ya ukingo wa ringi, tyubu ikachungulia kama ulimi, kisha ikapasuka kwa mlio uliowatawanya kuku wa jirani. Nilitoa chaki mkobani, nikasugua ubavu wa tairi mpaka namba zilizofifia zikasomeka: 40-635. Milimita 13 za tofauti ndizo zilizoturudisha Magu tukiwa ndani ya basi, baiskeli zikiwa juu. Tangu siku ile chaki haitoki mkobani, na nawashauri muibebe, kwa maana matairi mengi ya dukani yamekaa juani hadi maandishi yake hayasomeki kwa macho.

Jambo la pili linawahusu wafupi kama mimi. Nina urefu wa sentimita 152. Katika fremu ndogo, gurudumu la 622 linakuja karibu na mguu kiasi kwamba ukikata kona kwa mwendo wa pole, ncha ya kiatu hugusa tairi au madigadi. Kwenye lami iliyonyooka hutalijua kabisa hilo, lakini jaribu kupandisha vichochoro vya Bugando ukikwepa mawe na pikipiki, ndipo utaelewa. Mkazi wa Nyegezi hakutuambia urefu wake wala wa mwenzake.

Mzee_wa_Nansio:

Wanangu, mnalinganisha tatu, na ile inayolisha visiwa hivi hamkuiweka kwenye mizani. Phoenix yangu ya 28 imebeba magunia ya mihogo na dagaa tangu kabla baadhi yenu hamjazaliwa. Gurudumu la nyuma lina spoku 40 na la mbele 32, kwa sababu waliolibuni walijua kwamba uzito unakaa nyuma. Ninyi mnasafiri na spoku 36, na wengine 32 nyuma, kisha mnashangaa zinakatika. Tairi lake lipo katika kila duka, fundi wake yupo chini ya kila mwembe, na tyubu yake inaweza kuwa na viraka kumi na bado ikakufikisha.

Mkazi_wa_Nyegezi:

Shikamoo, Mzee wangu. Nakiri niliisahau 28, na huenda niliisahau kwa sababu ya majivuno ya mtu wa gia. Wasiwasi wangu ni breki zile za vyuma, na kutokuwa na gia kabisa. Mwalimu, mimi nina sentimita 174, ila mwenzangu ni mfupi, hafiki hata 160, na hilo sikulifikiria hata kidogo.

Mzee_wa_Nansio:

Marahaba. Kuhusu breki sitakudanganya. Mvua ikinyesha, ringi ya chuma iliyong'arishwa huteleza, na mtu husimamisha baiskeli kwa soli ya kiatu. Na kilimani hushuka akasukuma. Mimi sioni aibu kusukuma, lakini mimi siendi Bukoba.

Fundi_Igoma:

Mzee amesema kweli kuhusu spoku, na hapo ndipo pa kutilia maanani kuliko hata saizi. Karibu kila msafiri anayeletwa kwangu na gurudumu lililopinda, spoku zake zimekatika nyuma, upande wa gia, kwa sababu upande huo spoku zimesimama wima zaidi na zimevutwa kwa nguvu zaidi. Gurudumu dogo lina spoku fupi, na kwa idadi ileile ya spoku, lililo fupi ni gumu zaidi kupinda kwa pembeni. Ndiyo maana 26 yenye spoku 36 inabeba mzigo mzito bila kelele. Ukiamua 700C, basi nyuma iwe 36, isipungue.

Faida nyingine, hii ya kifundi: spoku ndefu inaweza kukatwa na kuchongwa ngazi upya, fupi hairefushwi. Spoku ya 28 iliyopo kila mahali nimewahi kuikata ikawa ya 26. Kutoka ya 26 kupata ya 700C, hakuna njia.

Sasa kuhusu breki, kwa kuwa hapo ndipo fremu yako inapoamua badala yako. Breki ya kubana ringi imefungwa kwenye fremu kwa kimo cha ringi moja tu. Ukitia ringi ya 584 mahali pa 559, ukingo unapanda milimita 12.5, na vibao vya breki vinakosa mahali pa kubana. Breki ya diski haina habari na ringi, hivyo fremu ya diski yenye nafasi ya kutosha inaweza kuvaa saizi mbili tofauti. Kwa hiyo yule rafiki wa 27.5 aelewe kwamba ushauri wake unahitaji fremu nyingine kabisa.

Kirumba_Mahesabu:

Hoja ya ringi naikubali nusu. Ringi nzuri haivunjiki ghafla, huonyesha dalili: nyufa kwenye matundu ya spoku, au kuta zilizoliwa na breki. Mwenye breki za diski haili ringi yake hata kidogo, wakati mwenye breki za kubana anaisaga kila anaposhuka kilima chenye mchanga wenye maji. Ukiikagua vizuri kabla ya kuondoka, 700C itakufikisha Bukoba na kukurudisha kwa meli. Mimi bado ningeenda na 622.

Niongeze jambo la mbuga, maana mnakwenda Desemba na mvua. Udongo ule mweusi hunata kwenye tairi, ukajaa kati ya tairi na foku, na gurudumu likagoma kuzunguka kabisa. Saizi ya ringi haisaidii lolote hapo. Kinachosaidia ni nafasi. Pima kati ya tairi na foku, na kati ya tairi na madigadi, na kama kidole chako cha shahada hakipiti, ondoeni madigadi kabla ya kuingia huko au mbebe baiskeli mabegani.

Mwalimu_wa_Magu:

Na mbigili, kaka zangu. Kule mwaloni wakati wa kuegesha, msiitoe baiskeli nje ya njia iliyokanyagwa. Kijiti kimoja cha mbigili hutoboa mara tatu katika mzunguko mmoja. Tyubu ni za kusamehe: ya 26 ikivutwa kwa uangalifu huingia hata katika 622 ukiwa umekwama, kwa hiyo mkiwa wawili bebeni tyubu za 26, zitawafaa nyote.

Mkazi_wa_Nyegezi:

Nimezungumza na mwenzangu jana jioni, na tumepima. Kwenye ile ya 700C kiatu chake kiligusa tairi mara mbili katika kona moja tu ya uani, na hapo mjadala kwa upande wake ukaisha. Kwa upande wangu nilikuwa bado navutwa na ile nyepesi, lakini tukiwa wawili wenye saizi moja, akiba ya mmoja ni akiba ya wote: tairi moja, tyubu nne, spoku za urefu mmoja. Tunakwenda na 26. Ndugu yangu wa Kirumba, ushauri wako wa tairi la kukunjwa nimeuchukua, ila litakuwa la 559.

Lililobaki ni unene. Ninayo matairi ya 1.95 yenye meno makubwa yaliyokuja na baiskeli, na nayaona yanavuma sana juu ya lami.

Fundi_Igoma:

Yatoe hayo. Tafuta 47-559, ambalo hapa wanaliita 1.75, lenye mstari laini katikati na meno madogo pembeni. Kwenye lami lijaze vizuri, na ukikaribia mchanga wa mwaloni lipunguze upepo hadi uhisi linabonyea kidogo kwa dole gumba. Njoo Jumamosi asubuhi na magurudumu ya nyuma yote mawili, bila matairi, nikaze spoku na kuzisikiliza moja moja. Na umwambie mwenzako aje na chaki ya Mwalimu.