Mtoto anatimiza miezi 6 Krismasi, tukiwa kijijini

Swali: Mwaka unaisha, mtoto kanyonya tu tangu Juni. Tumwanzishie nini huko, kiasi gani?

MamaWawili: Uji mzito, usiomwagika kijiko kikiinamishwa. Vijiko vikubwa 2 hadi 3, mara 2 au 3 kwa siku, na ziwa liendelee. Uji mwepesi hujaza tumbo maji, nguvu hamna. Changanya karanga zilizosagwa laini kabisa. Ukikaa zaidi ya saa 2, mwaga.

Nesi_mstaafu: Asali hapana kabla ya mwaka 1, hata bibi akisisitiza (na atasisitiza). Huweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa unaopoozesha misuli.

BabaK: Kadi ya kliniki iwe mkobani. Chanjo ya surua-rubela ni miezi 9, yaani Machi. Iandikeni kwenye kalenda mpya.