Rangi nyeusi katika shairi la msiba: niibadilishe?

Swali

Ndugu washairi, ninaandika tarbia, yaani shairi la mishororo minne kila ubeti, kuhusu mama aliyefiwa na mwanawe. Nimemvika nguo nyeusi tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, lakini msomaji niliyempa rasimu amesema kwamba weusi huo haumwambii lolote asilolijua. Je, nitafute rangi nyingine, au rangi iliyozoeleka yaweza kupewa uzito mpya?

Jibu la kwanza

Kubadilisha rangi peke yake hakutakufaa. Nyeusi ni rangi ya msiba kwa baadhi ya watu tu. China na India, kwa desturi, waliofiwa huvaa nyeupe, hivyo ukimvika mama huyo nguo nyeupe utakuwa umeyaacha mazoea haya na kuyaangukia mengine.

Maana ya rangi hujengwa na shairi lenyewe. Katika riwaya ya Nathaniel Hawthorne ya mwaka 1850, Hester Prynne anashurutishwa kuvaa kifuani herufi A nyekundu iwe alama ya uzinzi wake (kwa Kiingereza «adultery»), lakini kadiri miaka inavyopita naye akiwahudumia wagonjwa na maskini, wengi wanaanza kuisoma kama alama ya uwezo wake («able»). Wekundu ni ule ule. Waliobadilika ni wanaoutazama. Nawe basi, weusi uutangulize mahali pasipo na huzuni, kwa mfano kwenye wino ambao mtoto aliandikia jina lake, ndipo baadaye uufikishe kwenye vazi la mama.

Jibu la pili

Naafiki, ila nina tahadhari. Rangi ikishakuwa fumbo lenye jibu moja, msomaji hulifumbua na kuendelea na safari yake. Federico García Lorca, katika shairi lake la msichana wa kijani lililotoka katika diwani ya mwaka 1928, aliurudia ukijani kwenye upepo, matawi, mwili na nywele, hata usiweze kukata shauri kama ni wa tamaa au wa mauti. Tena usisahau mizani, yaani hesabu ya silabi: «rangi ya samawati» pekee humeza saba kati ya nane za kipande, ambacho ni nusu ya mshororo, ilhali «nyeusi» ni tatu tu. Wakati mwingine arudhi, yaani kanuni za utunzi, ndiyo inayotuchagulia rangi, tukiri tusikiri.

Muulizaji

Nashukuruni. Wino umenivutia kuliko vazi. Je, niuweke katika kibwagizo, mshororo wa mwisho unaorudiwa kila ubeti?

Jibu la kwanza

Hapo ndipo mahali pake hasa, kwa kuwa kibwagizo hakibadiliki neno, bali mishororo mitatu inayokitangulia ndiyo inayokigeuza maana kila ubeti. Jaribu:

*Wino mweusi wa jina, bado haujafutika.*

Ubeti ukiwa wa mtoto anayejifunza kuandika, mshororo huo ni furaha; ukiwa wa baada ya mazishi, sina haja ya kueleza. Ila neno «nyeusi» liondoe kwingine kote, hata kwenye nguo.