Kituo cha hapa Tanga kinatoza ada kufundisha sehemu ya LSAT iliyokwisha kufutwa

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Naandika nikiwa na hasira, wala sitaificha. Katika mojawapo ya zile barabara za namba za Ngamiani kuna kituo kinachotangaza kozi ya kuwaandaa vijana kwa LSAT, mtihani ambao vyuo vingi vya sheria vya Marekani na Kanada huutumia kuwachuja waombaji. Mpwa wangu amemaliza shahada yake ya kwanza na anataka kuomba nafasi huko. Alijiandikisha, nami nikalipa ada yote kwa mkupuo kwa kuwa tuliambiwa kwamba anayelipa kwa awamu hapewi vitabu. Kumbe vitabu vyenyewe ni vya mtihani ambao haupo tena.

Kwa wasioufahamu, mtihani huo ulikuwa na sehemu iliyozoeleka kwa jina la michezo ya mantiki: unaambiwa watu saba watakaa kwenye viti saba, huyu hawezi kukaa kando ya yule, yule lazima amtangulie mwingine, kisha unachora mchoro ili kujibu maswali. Sehemu hiyo iliondolewa kuanzia mtihani wa Agosti 2024, na haikuondolewa kwa siri. Mtahiniwa asiyeona alifungua kesi akieleza kwamba sehemu inayomtaka mtu achore inamnyima haki, kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2019, na LSAC, taasisi inayotunga mtihani huo, ikatangaza mabadiliko mwezi Oktoba 2023. Tangu hapo mtahiniwa hukutana na sehemu nne za dakika 35 kila moja: mbili za kupima hoja, moja ya ufahamu wa kusoma, na nyingine ya majaribio ya maswali ambayo haihesabiwi, ingawa yeye mwenyewe hawezi kujua ni ipi. Insha huandikwa kando, nayo haina alama. Mwalimu anayeuza kozi ya mtihani huu bila kuyajua haya hana udhuru.

Nilipokishika kitabu alichopewa binti yetu, nilikuta ni fotokopi iliyobanwa kwa pini mbili, kurasa nyingine zikiwa na kivuli cheusi kilichofunika mwanzo wa mistari, na juu ya ukurasa wa kwanza namba ya mtihani, 62. Mitihani ya mazoezi ya muundo wa sasa imepewa namba zinazoanzia 101. Ndani ya daftari lake kulikuwa na michoro ya viti na foleni ukurasa baada ya ukurasa, yote kwa mwandiko safi, yote imesahihishwa kwa wino mwekundu, na hakuna hata swali moja kati ya hayo litakaloulizwa. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko fedha. Mtoto amekesha akifanya kazi kwa uaminifu, na mtu mzima aliyepokea ada hakujishughulisha hata kufungua tovuti ya watunzi.

Nilikwenda kumwona mkuu wa kituo, tukasalimiana vizuri, nikamweleza kwa utaratibu. Jibu lake lilikuwa hili: “Mzee wangu, michezo ile inajenga akili, haiwezi kumdhuru.” Nilipouliza kuhusu kurejeshewa fedha, alinionyesha maandishi madogo chini ya stakabadhi yanayosema kwamba ada ikishalipwa hairudishwi. Na bango lililopo mlangoni bado linaahidi alama 170 kwa kila atakayemaliza kozi, katika mtihani ambao alama zake huanzia 120 na kuishia 180. Walio wengi hawafiki 170 hata huko Marekani kwenyewe, kwa hiyo ahadi ya namna hiyo peke yake ingetosha kumtilia mtu shaka.

Madhara yake si madogo. Mtahiniwa anaruhusiwa kufanya mtihani huu mara saba tu katika maisha yake yote, na vyuo anavyoomba huona matokeo yake ya nyuma, si yale mazuri peke yake. Anayeingia akiwa amefundishwa vitu visivyokuwapo anapoteza nafasi ambayo hairudi.

Kwa mzazi au mlezi anayetafuta kozi sasa hivi, usianze kwa kuuliza bei. Omba uone kitabu chenyewe kabla ya kulipa. Ukikuta sura ya michezo ya mantiki, ondoka. Mwambie mwalimu achukue hoja moja fupi mbele yako, aonyeshe hitimisho liko wapi na ni dhana gani mwandishi ameificha bila kuitamka, kwa sababu zaidi ya nusu ya alama za sasa zinatoka huko. Tena, kabla ya kumlipa mtu yeyote, kijana afungue akaunti ya bure katika LawHub, tovuti ya mazoezi ya LSAC, ambako mitihani kadhaa halisi ya mazoezi inapatikana bila malipo, aufanye mmoja huku akijipimia muda, ajue yuko wapi. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, kwa hiyo asiache swali wazi. Kituo kilichotutoza ada hakikumwambia hata hili.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu huduma anayouziwa, na ninaandaa malalamiko kwenda Tume ya Ushindani. Ninachodai ni ada yote irudishwe na bango lile lishushwe kabla kundi jipya halijaanza masomo. Wapo wenzetu wengine wa hapa Tanga waliolipa mahali hapo. Mwenye stakabadhi na kitabu cha aina hiyo aniandikie humu, asivitupe, ili tupeleke malalamiko kwa pamoja.