Tupeane uzoefu: nani mtoto wake alianza kusoma sababu ya komedi ya televizyo?

Wa Katindo: Wana Goma, leo tuache siasa kidogo. Yaya mwenye anaishi Ulaya alitutumia flashi yenye vipindi vya zamani vya Marekani, The Electric Company, ile ilipita ku PBS, televizyo ya umma ya kule, toka 1971 mpaka 1977, komedi tupu, ya watoto wa miaka 7 mpaka 10 hivi wenye walishamaliza Sesame Street, kipindi cha watoto wadogo zaidi, lakini kusoma bado kunawakatalia. Kuna mahali unaona vivuli vya nyuso mbili zinaangaliana, mmoja anasema "sh", mwingine "op", herufi zinawatoka mdomoni, halafu pamoja: shop. Mdogo wangu Kiingereza hajui hata salamu. Ila umeme ulipokatika (kama kawaida) akakamata tochi ya telefone, akasimamisha dada yake pembeni ya ukuta, wakaanza: nya... ma... nyama! Kufika ku chapati wakakosa mtu wa tatu, wakaita bibi. Bibi akapewa "ti" yake, akakaa ku kiti anangojea zamu, amekaza uso kama yuko kanisani.

Baba wa Ndosho: Wa kwangu alishikwa na Easy Reader, ni Morgan Freeman yule yule wa filamu, akiwa bado kijana, anasoma kila chenye maandishi. Sasa njia nzima mtoto anasoma, mifuko ya simenti juu ya chukudu (kile kigari cha mbao cha kusukuma), bei ya mega za intaneti ku kioski, mpaka tukafika ku ukuta fulani, mzee mmoja anajisaidia, mtoto akapaza sauti: MA-RU-FU-KU KU-KO-JO-A HA-PA, FAINI DOLA 10. Mzee alikatia katikati bana, mimi nikajifanya huyu mtoto simjui.

Mwalimu wa primeri: Mnasifia tu, niwape na ya kwangu. Tom Lehrer alikitungia hicho kipindi wimbo wa ile E isiyosikika, ukiiweka mwisho wa "can" inakuwa "cane". Mwanafunzi wangu mmoja akauleta darasani, "pale" akasoma "peil", "mate" akasoma "meit". Darasa lilikufa kwa kicheko, na mimi nikageukia ubao wasinione. Kiswahili chetu kila herufi inafanya kazi, hakuna yenye kukaa bure, kumrudisha huyo mtoto ilinichukua wiki 2.

Dada wa Birere: Peil 😂😂 pole mwalimu. Sisi tulikuwa na Ubongo Kids ya Tanzania, lakini ile ni hesabu zaidi.

Kijana wa Himbi: Kwetu ni Spider-Man. Mule ndani ya hicho kipindi haongei hata kidogo, maneno yake yanatokea ku kiputo, usiposoma umepitwa. Nilikuwa namsomea leki yangu (mdogo wangu), namtafsiria, nikachoka, nikaanza kumwambia Spider-Man anasema chukua bidoni ukachote maji. Alichota siku 4. Ya 5 akanakili kile kiputo ku kaye, akapelekea mwalimu wa Kiingereza. Toka pale mimi njo nachota.

Wa Katindo: @Himbi ulistahili bana. Nirudi kwa bibi, maana yeye masomo hakufikaga. Jana usiku umeme ulikuwepo, hakuna mtu anacheza vivuli, akaniita kando polepole, akauliza: ile "ti" yangu, inaandikwaje?