Krismasi Tabora: zawadi gani zinafaa kweli, na tupangeje ili Januari isitukabe?

BintiWaIsevya aliuliza:

Habari zenu ndugu. Naomba ushauri wa watu wanaojua mambo haya kwa undani.

Krismasi tunakutana Tabora mjini, kama watu ishirini. Wazee wawili wanatoka Urambo, wapo mashemeji na wifi, na watoto tisa. Kati ya watoto hao watano wapo shule ya msingi na mmoja anaingia kidato cha kwanza Januari. Ndugu watatu tumechanga jumla laki sita. Mazoea yetu ni kumaliza pesa kwenye nguo mpya, nyama na soda, halafu sikukuu ikiisha simu zinaanza: sare, daftari, mbolea ya shamba la wazee. Na siku yenyewe wanawake wanashinda jikoni mpaka usiku.

Nataka tutoe vitu ambavyo mtu atavitumia, na sisi wenyewe tupumzike kidogo. Mnagawaje pesa? Wazee wakulima tuwape nini? Na upishi wa watu ishirini mnaupangaje usimwangushe mtu mmoja?

MwalimuCheyo alijibu:

Dada, gawanya hizo laki sita leo, kabla hata kilo moja ya mchele haijanunuliwa. Ningeziweka hivi: chakula na vinywaji laki mbili na nusu, shule ya watoto laki mbili, wazee laki moja, na elfu hamsini ya dharura. Hiyo ya dharura aishike mtu asiyehusika na ununuzi. Fungu la chakula likiisha, limeisha. Pesa ya Januari haipotei kwa kitu kikubwa, huliwa kidogo kidogo tarehe 23 na 24, kreti moja ya soda hapa, kuku wawili pale.

Zawadi za watoto ziwe vitu vya shule, lakini mvifunge vizuri na kila mtoto akabidhiwe chake kwa jina. Mtoto wa darasa la pili akipewa begi lake, daftari zake zilizokwisha kuvikwa jalada na penseli zake, anafurahi kama aliyepewa gauni. Kinachomvunja moyo ni kutupiwa vitu vyake kwenye mfuko mmoja pamoja na vya wenzake.

Huyo wa kidato cha kwanza msimnunulie chochote kabla ya kuona maelekezo ya kujiunga kutoka shule aliyopangiwa. Rangi ya sweta, aina ya viatu, idadi ya kauntabuku, na kama ni bweni upana wa godoro, vyote vimo mle. Watu hukimbilia kununua sweta la bluu na shule inataka la kijani. Kwake wekeni fedha pembeni, na siku ya Krismasi mwambieni wazi kwamba fungu lake lipo.

Viatu ndivyo vinavyokosewa zaidi, kwa sababu mnunuzi yuko mjini na mguu uko Urambo au Kaliua. Mwambieni mzazi afanye hivi jioni, maana mguu huvimba kidogo kwa kutembea. Mtoto asimame wima juu ya karatasi (akiketi, mguu haujatanuka), mchore, pima kutoka kisigino hadi kidole kirefu kuliko vyote, ongeza sentimita moja. Kata kijiti cha urefu huo. Dukani unakiingiza ndani ya kiatu: kikilala bila kupinda, kiatu kinatosha. Namba zilizoandikwa kwenye soli msiziamini, hasa kwa mtumba, kila kiwanda kina namba zake.

Sare za kushona zipelekwe kwa fundi sasa hivi. Kuanzia katikati ya Desemba cherehani zote zinashona magauni ya sikukuu, na kazi ya haraka hutoka na mishono mibovu. Kama kitambaa ni cha pamba, kilowekwe usiku mmoja na kukaushwa kabla ya kukatwa, la sivyo sketi itapanda juu ya goti baada ya kufuliwa mara mbili. Mwombeni fundi aache pindo la sentimita 5 hadi 7 chini, likunjuliwe mtoto akirefuka.

BwanaShambaUyui alijibu:

Nijibu la wazee, kwa sababu hapo ndipo zawadi nyingi hupotea.

Tabora tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Kufika Krismasi wengi wameshapanda, kwa hiyo mbegu na mbolea ya kupandia zimechelewa. Kinachohitajika wakati huo ni mbolea ya kukuzia. Mahindi yakifika kimo cha goti, wiki ya tatu hadi ya nne baada ya kuota, yanataka urea au CAN, na ndipo mkulima mdogo huwa hana kitu mfukoni. Mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha ekari moja. Mpeni mzee huo, na shati jipya liacheni dukani.

Urea inataka uangalifu. Kwa shimo lenye miche miwili weka kizibo kimoja cha soda. Kiwekwe pembeni, sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye shina, kisha kifukiwe. Wanaomwaga juu na kuondoka hupoteza sehemu kubwa, kwa sababu urea iliyobaki juu ya udongo hugeuka hewa na kupaa. Ikigusa majani mabichi yenye umande inaunguza. Udongo uwe na unyevu, kama mvua imekatika subirini inyeshe. Na mfuko uliofunguliwa ufungwe barabara na ukae juu ya mbao, maana urea hunyonya maji hewani na kuwa bonge.

Jambo jingine: ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/2023 ni ya mkulima aliyesajiliwa, mwenye namba yake. Ukienda wewe kwa wakala wa pembejeo bila namba ya mzee, utalipa bei kamili. Njia rahisi ni mzee mwenyewe aende na simu yake, na ninyi mlipie pale dukani.

MamaPilau_Ipuli alijibu:

Mie niseme ya jikoni.

Kwa watu ishirini, tisa wakiwa watoto, kilo 3 za mchele zinatosha. Pikeni kilo 4 ili sahani za majirani zisiwape presha. Nyama yenye mifupa kilo 3, viazi kilo moja na nusu, vitunguu kilo moja, mafuta nusu lita. Gawanyeni sufuria mbili za kilo mbili mbili. Sufuria moja kubwa juu ya jiko la mkaa ndiyo inayoharibu pilau: chini linaungua, juu punje zina kiini kigumu, na mpishi anakoroga kwa hofu mpaka mchele unavunjika.

Maji. Mchele wa kwetu umevunwa tangu Mei na Juni, Desemba umeshakauka vizuri, kwa hiyo unakunywa kuliko mchele mpya. Kikombe kimoja cha mchele kwa vikombe viwili vya maji kasorobo. LAKINI supu ya nyama ni maji, nayo ihesabiwe. Mtu anapima maji yake sawasawa, halafu anamimina na supu yote juu, linatoka bokoboko. Maji yakikaribia kukauka, funika, punguza moto wa chini, palia makaa juu ya mfuniko, na usifunue kwa dakika ishirini.

Tarehe 24 usiku fanyeni yale yasiyoharibika: kuchambua mchele, kumenya vitunguu saumu na tangawizi, kusaga viungo, kupasua kuni, kujaza maji. Nyama kama hamna friji msiilaze. Wekeni oda buchani mapema, ichukuliwe alfajiri ya tarehe 25, au nunueni kuku hai mchinje asubuhi. Mtabora anajua hili lakini nalisema kwa wageni: mwombeni jirani Muislamu awachinjie. Ndipo sahani mnazopeleka nyumba za pili zitaliwa kwa moyo mweupe, kama mnavyokula ninyi zao za Idi.

Na zamu ziandikwe kwenye karatasi, zibandikwe ukutani, kwa majina. Mashemeji wa kiume waoshe sufuria. Vijana maji na mkaa. Anayepika mchana asiguse chombo chochote baada ya saa tisa. Msiposema kwa majina, kazi itarudi kwa mama mwenye nyumba na binti mmoja, kila mwaka.

BintiWaIsevya:

Asanteni sana, hapa nimepata zaidi ya nilichouliza. Mwalimu, nimeshamtumia wifi maelezo ya kijiti.

Naongeza mawili. Kuna jamaa zetu Dar tunataka kuwatumia asali ya huku, tunajuaje nzuri? Na kanisani tumeambiwa kila familia ikipenda ipeleke kitu kwa watoto yatima. Tupeleke nini?

MfugaNyukiSikonge alijibu:

Asali kwanza uulize inauzwa kwa lita au kwa kilo. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4. Wengine wanalinganisha bei ya lita ya huyu na kilo ya yule na kudhani mmoja ni mwizi.

Iliyovunwa kabla ya kukomaa ina maji mengi, nayo huchacha: utaona povu juu, mfuniko umevimba, ukifungua unanusa uchachu wa pombe. Hiyo ikipanda basi kwenda Dar itamwagika kwenye begi la mtu. Asali iliyoganda chini kama sukari si lazima iwe imechanganywa, kuganda ni tabia yake. Iweke chupa kwenye maji ya vuguvugu ambayo mkono unayavumilia, itayeyuka. Usiichemshe, inapoteza harufu na ladha.

Tumieni chupa ya kioo au ndoo mpya ya chakula. Galoni lililowahi kukaa mafuta ya kula halisafishiki, asali inabeba harufu hiyo. Ijazeni ikibakiza nafasi kidogo, na uzi wa mfuniko ufutwe kabla ya kufunga. Na mkaiandikie wazi: mtoto chini ya mwaka mmoja asilambishwe kabisa, hata kidogo cha kikohozi. Asali yaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima linavimudu lakini la mtoto mchanga halivimudu, na sumu yake inalegeza misuli mpaka ya kupumulia.

UstawiMstaafu alijibu:

Kuhusu watoto yatima, mama, nakuomba usinunue kitu kabla ya kuongea na mlezi wa makao yenyewe. Kama hamjui makao yaliyosajiliwa, Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri anayo orodha. Wiki ya Krismasi makao hupokea biskuti, soda na mchele mpaka stoo inajaa. Februari unga umeisha na hakuna anayebisha hodi. Kwa hiyo tarehe 25 pelekeni kidogo, mkae na watoto mcheze nao, na fungu kubwa lipelekwe Februari: unga, maharage, mafuta, sabuni za mche, taulo za kike, mafuta ya taa au malipo ya umeme, kile watakachokitaja wao. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga msipeleke bila kuulizwa, yanataka maji safi na vipimo sahihi, na yakikosewa mtoto anaharisha.

Nguo za mtumba zifuliwe, zipigwe pasi, zifungwe kwa umri. Iliyochanika au kukatika zipu ishonwe kwanza. Na picha za sura za watoto zisiingie kwenye magrupu, hata kwa nia njema.

Kuna zawadi isiyo na gharama ambayo haitajwi: damu. Desemba ajali huongezeka, kinamama wanajifungua kama kawaida, na wachangiaji wengi wa kila siku, wanafunzi, wako likizo. Tabora mjini nendeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete. Anayechangia awe na miaka 18 au zaidi, uzito usiopungua kilo 50, awe amekula na kunywa maji ya kutosha. Mwanaume anarudia baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Chupa moja ni kama mililita 450. Familia ya watu wazima sita ikienda pamoja tarehe 27, wodi itajua.

WakalaNgambo alijibu:

Dada, wale wasiofika mnaowatumia hela, tumeni kabla ya tarehe 20, na mtume na ya kutolea. Tarehe 24 wakala wa kijijini anakuwa na salio kwenye simu lakini fedha taslimu hana, mzee anatembea kilomita kadhaa na kurudi mikono mitupu. Baada ya kutuma piga simu usikie sauti yake. Ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" unazagaa sana mwezi huu, na mtu mwenye ahadi za kutuma pesa kwa ndugu wengi ndiye anayenaswa kirahisi.

Na anayeomba zaidi ya mlichopanga ajibiwe siku hiyohiyo: "Shangazi, mwaka huu tumepanga elfu ishirini, nitakutumia Ijumaa." Tajeni kiasi na siku. Ukisema "tutaona", yeye ameshahesabu kuwa ipo, na wewe unaanza kuikwepa simu yake.

MamaPilau_Ipuli:

Nimesahau la kulala. Watu ishirini nyumba moja, msimu wa mvua, na huku malaria ni nyingi: hesabuni vyandarua kabla wageni hawajafika. Watoto wakilala chini, kamba ifungwe dirishani hadi kwenye msumari wa ukuta wa pili, na chandarua kichomekwe CHINI ya mkeka pande zote. Kikiachwa kinaning'inia juu ya mkeka, mbu wanaingilia chini. Kama vimepungua, nunueni kwenye ile elfu hamsini ya dharura, na wazee wa Urambo waondoke nacho kimoja.