Kiwanda cha chuma cha Völklingen kilinusurikaje kubomolewa?

Swali
Ndugu wanajukwaa, nimesoma kwamba kiwanda cha kuyeyushia chuma cha Völklingen, katika jimbo la Saarland nchini Ujerumani, kilizimwa mwaka 1986, na miaka minane tu baadaye UNESCO ikakitambua kuwa Urithi wa Dunia. Viwanda vingi vya aina hiyo viliishia kuuzwa kama chuma chakavu. Hiki kilinusurikaje, na mgeni hujifunza nini humo?

Jibu la kwanza
Kilinusurika kwa sababu kilibaki kizima. Kilianzishwa mwaka 1873 kando ya mto Saar, kikafungwa baada ya miaka michache, kisha Carl Röchling akakinunua mwaka 1881 na kuwasha tanuru lake la kwanza mwaka 1883. Hatimaye yakawa matanuru sita katika mstari mmoja, yakilishwa koki iliyotokana na makaa ya mawe ya Saar pamoja na mawe ya chuma kutoka Lorraine. Anayeijua kazi ya mhunzi ataelewa upesi ukumbi wa mashine za upepo, kwa kuwa ile ni mivukuto iliyokuzwa mno: gesi iliyotoka juu ya tanuru ilisafishwa, ikaendesha injini, nazo injini zikasukuma hewa kurudi tanuruni. Mlolongo wote huo, tangu koki hadi chuma ghafi, ungali unaonekana, jambo ambalo UNESCO haikulikuta penginepo katika Ulaya Magharibi wala Amerika Kaskazini.

Jibu la pili
Mwenzangu ameeleza mitambo vizuri, lakini naomba tusiwasahau watu. Katika vita viwili vya dunia, zaidi ya watu 12,000, wakiwemo wafungwa wa kivita, walilazimishwa kufanya kazi katika viwanda vya Röchling mjini humo. Hermann Röchling, mwana wa Carl aliyeongoza kampuni hiyo, alitiwa hatiani kwa uhalifu wa kivita na mahakama ya kijeshi ya Wafaransa, na katika rufaa ya mwaka 1949 kifungo chake kikafikia miaka 10. Tangu mwaka 2018, ndani ya jengo ambamo vumbi la madini lilichomwa likashikamana kuwa mabonge, pana kumbukumbu iliyobuniwa na msanii Christian Boltanski: masanduku ya chuma yenye namba, rundo la nguo nyeusi, na sauti zinazonong'ona majina ya wafanyakazi hao. Kwa maoni yangu, mgeni aanzie hapo kabla ya kupanda kwenye matanuru.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Nilidhani nauliza juu ya mashine tu. Sasa nitaanza kusoma habari za wale walionong'onwa majina.