Tupeane uzoefu: kuuliza ree kabla ya kupanda slamu kwenye briji

Shupaza_Tisa: Wakuu, tukusanye hapa yanayowaponza watu kwenye slamu (ndogo ni kuahidi mizunguko 12, kubwa ni yote 13). Naanza. Kuuliza ree (A), yaani kumwuliza mwenzako anazo ngapi kwa kutaja 4 bila turufu, kunawazuia msipande mkiwa mmepungukiwa ree mbili, basi. Hakuwaambii kama mizunguko 12 ipo. Mfano, unashika shupaza A K J 9 7 4, kopa K Q 5, uru 8 3, pau A Q. Umefungua 1 shupaza, mwenzako kapandisha 3. Ukitaja 4 bila turufu akajibu ree moja, umejua nini? Ikiwa ni ya kopa, wapinzani wanaweza kuchukua mizunguko miwili kwa A na K za uru kabla hujagusa karata. Taja 4 pau, yaani pau unazidhibiti. Akiruka uru akataja 4 kopa, uru hana ulinzi. Rudi 4 shupaza ulale.

MamaKopa: Nakazia. Na kama rangi moja huna hata karata moja, usiulize. Ree yake ikiwa kwenye rangi hiyohiyo haikusaidii, na jibu lake halisemi ni ree ipi.

Turufu_Kavu: Siku hizi wengi wameacha Blackwood ya zamani, ile 4 bila turufu inayouliza ree tu. Sasa huulizwa funguo, nazo ni tano: ree nne na mfalme wa turufu. Kwa mtindo wa 1430, 5 pau ni funguo 1 au 4. 5 uru ni 0 au 3. 5 kopa ni 2 bila malkia wa turufu. 5 shupaza ni 2 pamoja na malkia. Ukifuata na 5 bila turufu unaahidi kwamba funguo zote tano na malkia mnazo, unatafuta wafalme kwa ajili ya slamu kubwa. Asiyekuwa nazo asiitaje.

Shupaza_Tisa: Turufu ikiwa pau ndipo balaa. Una ufunguo mmoja, unauliza, unajibiwa 5 kopa. Jumla tatu, mbili hazipo, na 5 pau imeshapita! Pitia kila jibu kichwani kabla ya kuuliza. Likiwepo hata moja linalokuvusha, tafuta njia nyingine. Wapo wanaokubaliana kwamba pau ikiwa turufu, 4 uru ndiyo swali.

Mhasibu wa Meza: Hesabu kidogo. Slamu ndogo ya shupaza msipokuwa hatarini (hali ambayo bonasi na adhabu huwa kubwa zaidi) ni 980. Mkiishia 4 na kupata mizunguko 12 ni 480. Faida 500. Ikianguka kwa mmoja mnapata -50 badala ya 450, hasara 500. Kwa hiyo nusu kwa nusu inatosha. Slamu kubwa siyo hivyo: 1510 dhidi ya 1010, lakini ikianguka mmetupa 1030. Chini ya theluthi mbili, kaa 6.

MamaKopa: Wageni wa mchezo: 1 bila turufu ikifuatwa na 4 bila turufu siyo swali la ree. Ni mwaliko: una kiwango cha juu, nenda 6, una cha chini, pita. Lengo ni pointi 33 za karata kubwa kwa pamoja. Ree hapo huulizwa kwa 4 pau, njia ya Gerber.

Turufu_Kavu: Mpinzani akiingilia kwa kutaja rangi baada ya 4 bila turufu? Dabo (kutaja maradufu) ni ree 0, kupita ni 1, daraja linalofuata ni 2. Wenye funguo tano waamue mapema kama dabo itabeba 0 au 3, au 1 au 4, maana hapo ndipo wenzi wawili huhesabu tofauti.